Herufi Tatu za Konde: Juu ya Kutafuta Maneno kwa Herufi Zake

Walimu wafundishao Kiingereza walijua zoezi hili. Mwalimu huandika ubaoni herufi tatu, tuseme k, n na d, kisha huwataka wanafunzi watafute maneno ya Kiingereza yaliyo na herufi hizo zote, kwa mpango wo wote. Mmoja huleta kind, wa pili drink, wa tatu naked, na mwenye kumbukumbu njema huleta kidnap. Zoezi lina faida yake, maana humzoeza mtoto kuangalia jinsi neno lilivyoandikwa. Na katika Kiingereza maandiko na matamshi mara nyingi hayapatani. Lakini wengi wetu hudhani ya kuwa huu ni mchezo wa Wazungu tu, ulioletwa pamoja na vitabu vyao. Nataka kuonyesha katika makala haya ya kuwa wazee wa pwani walikuwa na kazi hii hii tangu zamani, tena walikuwa nayo kila barua ilipofika mlangoni.

Mfano wangu nautoa Konde. Konde ni mji mdogo katika wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, upande wa msitu wa Ngezi. Neno lenyewe, mbali na kuwa jina la mji, ni neno la kila siku: konde ni shamba lililolimwa, tena ni ngumi, tena ni kokwa la tunda, na mtu aliyeingiwa na hofu huambiwa apige moyo konde. Kwa herufi tunazozitumia leo jina hili lina herufi tano. Kwa herufi za Kiarabu, ambazo Waswahili waliandika kwazo karne nyingi, lina tatu tu: kafu, nuni na dali. Hizo ndizo k, n na d za mwalimu wetu ubaoni.

Yafaa nieleze jambo hili kidogo kwa ajili ya wasomaji wasiopitia chuoni. Katika maandiko ya Kiarabu herufi zenyewe ni za konsonanti. Vokali huonyeshwa kwa alama ndogo zinazowekwa juu au chini ya herufi, nazo huitwa irabu. Kiarabu kina irabu tatu: fataha, kasra na dhumma, nazo zatosha kwa Kiarabu kwa sababu lugha ile ina vokali tatu, fupi na ndefu. Kiswahili kina vokali tano. Basi mwandishi wa Kiswahili alipochukua herufi hizi alikuwa na vyombo vitatu vya kubebea vitu vitano. Fataha ilibeba a peke yake. Kasra ikabeba i na e. Dhumma ikabeba u na o. Tena waandishi wengi waliokuwa wakimwandikia mtu anayejua lugha hawakuziweka irabu zote, kama vile msafiri wa njia aijuaye asivyouliza kila njia panda.

Maandiko ya namna hii ni ya kale. Katika nyaraka za Goa, huko Bara Hindi, zimehifadhiwa barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711, nazo zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa herufi hizo ziliandikwa tenzi, hesabu za wafanya biashara, wasia, na barua za mke kwa mume aliye safarini. Kwa hiyo mtu asemaye ya kuwa Waswahili walikuwa hawana maandiko mpaka walipofika wamisionari asema asilolijua.

Sasa na tutazame ni maneno mangapi yawezayo kutoka katika kafu, nuni na dali, zikiandikwa kwa mpango huo bila irabu. Nimeyahesabu yaliyo ya kawaida, nayo ni haya. Yuko kanda, yaani kuukanda unga au mwili. Na kande, chakula kinachopikwa. Na kando, pembeni. Yuko kenda, hesabu ya tisa. Na kinda, mtoto wa ndege. Na kindi, mnyama wa mitini. Na kindu, wingi wa ukindu unaosukwa mikeka. Yuko konda, kupungua mwili. Na konde, shamba. Na kondo, vita. Na kunde za kupikwa. Na kundi la watu au la wanyama. Jumla ni maneno 12. Vokali tano katika silabi ya kwanza na tano katika ya pili zafanya nafasi 25, na karibu nusu yake zimejaa. Basi msomaji aliyeona kafu, nuni na dali katika barua alikuwa kama mtu aliyebisha hodi katika nyumba yenye watu 12, wala hajui ni nani atakayemfungulia.

Mtu aweza kusema, irabu zitaamua. Ndiyo, zitaamua kwa sehemu kubwa. Irabu tatu mahali pawili zafanya namna 9 za kuandika. Namna 7 katika hizo zina neno moja moja, na msomaji asalimika. Namna ya nane, kasra kisha fataha, ina mawili: kenda na kinda. Namna ya tisa, dhumma kisha kasra, ina matatu: konde, kunde na kundi. Haya matatu huandikwa sawasawa, hata kwa mwandishi mwangalifu asiyeacha irabu hata moja. Tena katika maandiko ya zamani waandishi wengi waliiacha nuni ilipotangulia dali, wakaandika d mahali pa nd, kama walivyoandika b mahali pa mb. Hapo neno la nne lajipenyeza, nalo ni kodi.

Wasomaji wataniuliza, je, jambo hili lilikuwa na madhara? Na tufanye mfano. Mtu wa Konde amwandikia jirani yake aliyekwenda Wete: ng'ombe wako ameingia kondeni. Jirani, akiisoma hivyo, ajua ya kuwa mazao yameliwa, na ya kuwa atadaiwa fidia. Lakini maneno yale yale, kwa herufi zile zile na irabu zile zile, yaweza kusomwa: ng'ombe wako ameingia kundini. Akisoma hivyo, ni habari njema ya mnyama aliyepotea akarudi kwa wenziwe. Barua ya kwanza ni mashtaka, barua ya pili ni salamu, na karatasi ni moja. Sasa mfikirie mrithi aliyekuta katika sanduku la babu yake hati inayotaja kitu cha k na d, naye hajui kama babu aliacha konde au aliacha kodi. Mashamba ni mali, na watu wamegombana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Lakini twajua ya kuwa watu waliandikiana, wakafanya biashara, wakaoa na kurithi kwa maandiko hayo, wala mambo hayakuharibika. Sababu ni kwamba msomaji wa zamani hakusoma herufi peke yake. Aliita mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni sarufi. Kunde ni zile, na konde ni lile; kodi ni ile. Mtu akisoma zimeiva ajua ya kuwa habari ni ya kunde. Walakini shahidi huyu hatoshi, kwa maana konde na kundi ni wa ngeli moja: konde lile, kundi lile, makonde yale, makundi yale.

Shahidi wa pili ni maneno ya jirani. Neno kulima likitangulia, ni konde. Neno mbuzi likitangulia, labda ni kundi, na likifuatwa na neno kuharibu, labda ni konde tena. Shahidi wa tatu ni kule kumjua mwandishi na mambo yake. Mwenye ng'ombe alijua kama ng'ombe wake alipotea au hakupotea. Basi barua ilikuwa nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili ilikuwa kichwani mwa msomaji. Ndiyo sababu barua ya jana ilisomeka, na barua ya miaka mia iliyopita hutushinda: herufi zimebaki, lakini shahidi wa tatu amekufa.

Watu wa elimu ya Kiarabu walilitambua jambo la herufi na maneno mapema sana, na aliyetangulia katika kazi hiyo ana uhusiano na pande zetu. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi alikuwa mtu wa asili ya Oman, nchi ambayo watu wa Pemba wana udugu nayo wa siku nyingi. Alizaliwa yapata mwaka 718, akafundisha Basra, akafa mwishoni mwa karne ile ya nane. Alikusudia kukusanya maneno yote ya Kiarabu, akaona ya kuwa akingoja kuyasikia moja moja hatamaliza. Kwa hiyo alianza na herufi. Alisema, herufi mbili zaweza kupangwa kwa namna 2, herufi tatu kwa namna 6, herufi nne kwa namna 24, na herufi tano kwa namna 120. Alichukua kila fungu la herufi, akaligeuza kwa kila namna, akauliza katika kila namna: je, Waarabu wanalo neno hili? Wakiwa nalo, aliliandika kuwa ni lenye kutumiwa. Wasipokuwa nalo, alilihesabu kuwa limeachwa. Kitabu chake huitwa Kitabu cha Ayn, kwa sababu alizipanga herufi kwa kufuata mahali zinapotoka kinywani, akaanzia kooni, kwenye ayn.

Hapa zoezi la ubaoni lapata ukoo wa heshima. Mwalimu wa leo akiwataka watoto wazungushe k, n na d, awafanyisha kazi aliyoifanya al-Khalil zaidi ya miaka 1200 iliyopita. Nasi twaweza kuifanya kwa Kiswahili. Kwa mpango wa k, n, d tumepata konde na wenziwe. Kwa mpango wa k, d, n twapata kidani, kile cha shingoni. Kwa d, k, n twapata dukani. Kwa n, d, k twapata ndiko. Mipango miwili iliyosalia nawaachia wasomaji waijaribu pamoja na wanafunzi wao.

Wenye kamusi waliofuata waliona ya kuwa njia ya al-Khalil ni ngumu kwa msomaji wa kawaida, wakazuka na mpango mwingine: kulipanga neno kwa herufi yake ya mwisho. Al-Jauhari alifanya hivyo yapata mwaka 1000, na baada yake al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka 1415. Kitabu cha huyu wa pili kiliitwa al-Qamus al-Muhit, maana yake bahari kuu izungukayo. Kitabu kilisifika hata jina lake likawa jina la vitabu vyote vya namna ile, na hilo ndilo neno letu kamusi. Basi afunguaye kamusi, kwa asili ya neno, ajitosa baharini. Na aingiaye baharini bila kujua kuogelea asiulaumu maji.

Kwa nini herufi ya mwisho? Faida moja ni ya washairi. Mshairi hatafuti neno kwa kichwa chake, hulitafuta kwa mkia, apate kina. Na Pemba ni nchi ya washairi. Tungo za Kamange na Sarahani, mabingwa wawili wa kisiwa kile, zilikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, zikahaririwa na Abdilatif Abdalla, zikatolewa kwa herufi za Kirumi mwaka 2011 katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba. Kabla yao, mwaka 1958, Whiteley alikuwa amekwisha toa kitabu juu ya lahaja na mashairi ya Pemba. Mshairi atakaye kina cha nde hukumbuka konde, kunde, upande, tende. Atakaye kina cha ndi hukumbuka kundi, kindi, fundi, ushindi. Kwa herufi za Kiarabu vina hivi viwili vyafanana machoni, kwa kuwa kasra ni moja. Lakini mshairi aliyechanganya nde na ndi angalichekwa barazani, kwa maana mashairi yaliimbwa, na sikio halidanganywi na kasra. Hapa twaona ya kuwa hakimu wa Kiswahili tangu kale alikuwa sikio, na karatasi ilikuwa karani wake tu.

Jambo hilo hilo laonekana katika mchezo wa watoto na vijana uitwao kinyume. Katika kinyume msemaji huchukua silabi ya mwisho ya neno akaitanguliza, wasioujua mchezo wasielewe. Nyumba huwa mbanyu, simba huwa mbasi, na konde huwa ndeko. Wasomaji waangalie vizuri: mtoto hasemi dekon, wala hasemi ednok. Hakai kuzihesabu herufi. Ile nde kwake ni kitu kimoja, haitengani, ingawa sisi twaiandika kwa herufi tatu. Mchezo wa Kiingereza hupindua herufi kwa kuwa Kiingereza hujulikana kwa jicho; mchezo wa Kiswahili hupindua silabi kwa kuwa Kiswahili hujulikana kwa sikio. Mwalimu akilikumbuka hili hatamsumbua mtoto wa darasa la kwanza kwa kumtajia n na d mbali mbali kabla hajamwonyesha nde.

Sasa na tuje kwenye herufi za Kirumi. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kukusanya maneno, naye akachagua kuandika kwa herufi za Kirumi. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, na mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akatoa kitabu chake cha mafundisho ya lugha mwaka 1870. Arthur Madan akafuata kwa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa lugha ya vitabu. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi zenye jina la Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939, zikiwa zimejengwa juu ya kazi ya Madan.

Herufi za Kirumi zilimpa kila vokali nyumba yake. Konde, kunde na kundi zikatengana moja kwa moja, na mtu asiyemjua mwandishi, wala asiyemjua ng'ombe, aliweza kusoma habari ikamfikia ilivyo. Hii ni neema kubwa, wala haifai kuidharau. Kwa ajili yake kitabu kilichopigwa chapa Unguja kiliweza kusomwa na mtu wa Tabora ambaye hakuwahi kuiona bahari.

Lakini herufi hizi zilileta taabu nyingine, nayo ni ya kutafuta neno katika kamusi. Kupanga maneno kwa a, b, ch si jambo la maumbile, hujifunzwa. Robert Cawdrey, mwalimu wa shule, alipotoa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza mwaka 1604, alilazimika kuwaeleza Waingereza wenyewe ya kuwa yawapasa kwanza kujua alfabeti kwa moyo, na kujua ya kuwa b i karibu na mwanzo, n i katikati, na t i karibu na mwisho. Basi tusiwacheke wanafunzi wetu wakipotea katika kamusi, maana wamepotea wengi kabla yao.

Tena mwanafunzi wa Kiswahili ana mzigo ambao Mwingereza hana. Neno la Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mtoto akiona makonde, akalitafuta kwenye m, aweza kukuta habari za kabila la kusini asipate mashamba. Akiona amekonda, hana budi kuvua a, kisha kuvua me, ndipo apate konda kwenye k. Meno yuko kwenye j, pamoja na jino. Nyimbo yuko kwenye w, pamoja na wimbo. Mbao yuko kwenye u, na macho yuko kwenye j. Katika kamusi ya Johnson majina mengi yaliyozaliwa na kitendo yamewekwa chini ya kitendo chenyewe, mtoto karibu na mama. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 yamepewa mahali pao wenyewe. Kila mpango una faida yake. Wa kwanza humfundisha msomaji ukoo wa neno, wa pili humfikisha upesi. Katika yote mawili, lakini, asiyejua sarufi hatalipata neno ingawa ajua herufi zake zote.

Wala herufi za Kirumi hazikuondoa utata wote. Paa la nyumba, na paa wa msituni, na paa kwenda juu, na paa kumpaa samaki magamba, yote twayaandika sawasawa. Mtu wa Mombasa huyatenga mengine kwa pumzi ya kinywa, lakini karatasi haina habari. William Taylor, aliyekuwa mmisionari Mombasa, alilitambua hilo, akaweka alama zake. Na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyemsaidia Taylor kuyapata mashairi ya Muyaka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kuyafasiri. Mashairi hayo yalitolewa na Hichens kwa herufi za Kirumi mwaka 1940, miaka 100 tangu yapata Muyaka alipofariki. Yasingalitufikia kama wangalikuwapo watu wa herufi peke yake, wala kama wangalikuwapo watu wa lugha peke yake. Ilimpasa awepo mtu mwenye mawili.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yangu. Katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na katika maktaba za ng'ambo, na katika masanduku ya nyumba za pwani, yamo maandiko ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kila karatasi ni kama ile kafu, nuni na dali: ina maneno 12 mlangoni, na anayetakiwa ni mmoja. Orodha ya maneno 12 si vigumu kuipata. Siku hizi kompyuta hupewa herufi zo zote ikatoa kwa kitambo kidogo kila neno lililo nazo, kazi ambayo al-Khalil aliifanya kwa miaka. Lakini orodha haisemi kama ng'ombe aliingia kondeni au kundini. Hilo hulijua mtu aliyelelewa na lugha, ajuaye jinsi watu walivyolima, walivyofuga, walivyokodisha na walivyorithi. Mzee mmoja ajuaye mambo ya mashamba ya Pemba aweza kufungua karatasi iliyowashinda wenye shahada, naye akiondoka karatasi yafungwa tena.

Basi nawaomba walimu na makasisi wasomao kurasa hizi mambo mawili. La kwanza, mfundishapo herufi, msimfundishe mtoto neno lililo peke yake. Mpeni herufi k, n na d, mwacheni atafute, na afurahi kwa kupata kumi au zaidi. Kisha mwambieni alitie kila neno katika sentensi, mwenzake aseme ni sentensi gani iliyokosea neno. Hapo atajifunza ya kuwa herufi huleta mashahidi, na lugha ndiyo itoayo hukumu. La pili, mkiwa mahali palipo na mzee asomaye barua za zamani, ketini naye. Msimwulize maana ya herufi tu. Mwulizeni amejuaje ya kuwa hapa ni konde na pale ni kunde. Yaandikeni majibu yake, pamoja na sababu zake, hata zikionekana ndogo: ya kuwa mwezi ule watu hupanda, ya kuwa mahali pale hapafugwi, ya kuwa kodi haitajwi katika barua ya salamu.

Sababu hizo ndogo hazimo katika kamusi yo yote. Zikiandikwa, aliyezaliwa leo Konde ataweza siku moja kuifungua barua ya babu wa babu yake, akajua kama alirithishwa shamba au alidaiwa kodi.